Heshima Iliyotegemea Macho

Kabla ya jambo lolote kutokea, kanuni zilikuwa hivi. Mwanamume aliyeoa katika nyumba ya Wabukusu hakutani ana kwa ana na mama mkwe wake. Hampi mkono, wala hali chakula naye katika chumba kimoja. Mama huyo halali chini ya paa la mkwe wake, na mkwe halali chini ya paa lake. Wakielekeana njiani, mmoja huacha njia. Huo si uadui. Ni heshima, nayo ina mlango wake wa kutokea: siku ambayo wazee wa pande zote mbili wataketi, blanketi litatolewa, maneno yatasemwa, na wawili hao wataruhusiwa kutazamana. Wapo wanaoufungua mlango huo mapema, na wapo wanaozeeka bila kuufungua. Katika familia niliyooa, huko Misikhu, haukuwa umefunguliwa.

Kwa hiyo ninayetaka kumweleza hapa ni mtu niliyemjua zaidi ya miaka ishirini bila kumtazama usoni. Nilimjua kwa sauti iliyopita katika ukuta wa jikoni, kwa mgongo uliokuwa ukiondoka, kwa ncha ya kitambaa cha kichwa iliyokuwa ikipotea katikati ya mahindi. Nitamwita Mama Mkwe, kwa kuwa sijawahi kumwita vingine.

Kanuni hiyo ina sharti moja ambalo hakuna anayelitaja: ili watu wawili wakwepane, lazima mmoja amwone mwenzake kwanza. Katika miaka hiyo yote, aliyeona kwanza alikuwa yeye. Nilikuwa nikishuka barabarani kutoka Kitale, nikishika njia ya miguu inayopita kando ya shamba la nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, na kabla sijalifikia lango nilikuwa nimekwisha kuona majani yakitikisika mahali alipoingilia. Shemeji yangu Simiyu, kitinda mimba wake aliyebaki nyumbani, alipenda kunitania: "Shemeji, mama alikuona ukiwa bado Kamukuywa. Alisema viatu vyako ni vipya, na vinakubana." Viatu vilikuwa vipya, na vilikuwa vikinibana.

Tulizungumza, naam, lakini kwa kupitia mtu wa tatu. Mke wangu Nekesa alipokuwapo, alibeba maneno kutoka jikoni hadi sebuleni na kuyarudisha. Asipokuwapo, Mama Mkwe alimtumia paka.

"Paka," aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "mwambie mgeni chai inapoa. Na mwambie sukari imeshawekwa, asije akaongeza kama watu wa mjini."

Nami nilijibu kwa njia ileile: "Paka, mwambie mama sukari inatosha."

"Paka, mwambie asinidanganye. Kijiko nimekisikia."

Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kanisa lake halikubali tumbaku. Alivuta sigara kila jioni nyuma ya jiko, ncha yenye moto ikiwa ndani ya kinywa, kama wanavyovuta mabibi wengi wa upande huu. Anayevuta hivyo haonyeshi cheche wala haangushi majivu. Mpita njia angedhani ni mama aliyenyamaza tu. Nekesa alipomwonya kwamba moto utamchoma ulimi, alimjibu bila kukitoa kile alichokuwa nacho: "Ulimi ni wangu. Wewe chunga wako." Nadhani kanisa zima lilijua. Hakuna aliyethubutu kusema, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona.

Sokoni Misikhu aliuza mboga za kienyeji: kunde, mrenda, saga, managu. Meza yake ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali pasipo na kivuli, na aliketi akilielekea jua tangu asubuhi hadi lilipopita upande wa pili. Kofia aliikataa kabisa. Alisema ni vazi la wanaume na wagonjwa. Na mwanamke huyo aliyelisha mboga nusu ya Misikhu hakuzila mwenyewe. Alirudi nyumbani kikapu kikiwa kitupu, akasonga ugali, akaula kwa chai ya rangi. "Mboga ni za watu," alisema alipoulizwa. Daktari mmoja wa zahanati alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ana presha, akampa vidonge. Alivimeza siku ambazo kichwa kilimuuma.

Mambo hayo niliyakusanya kama mtu anavyokusanya tabia za mtu ampendaye. Baadaye daktari mwingine aliyauliza moja baada ya jingine, nikatambua kwamba kwake hayo yalikuwa historia ya ugonjwa.

Dalili ya kwanza tuliicheka. Alimwita fundi aliyemjengea mlango wa jiko, akamgombeza mbele ya majirani kwamba mwimo umepinda katikati kama mgongo wa ng'ombe. Fundi aliteremsha timazi. Uzi ulilala sambamba na ubao, juu hadi chini.

"Mama, tazama mwenyewe. Umenyooka."

"Na hiyo kamba yako pia imepinda," alisema, akaingia ndani.

Simiyu alituigizia kisa hicho mezani, kwetu Kitale, na tulicheka sana. Ningependa kicheko hicho kisikumbukwe, lakini kilikuwapo.

Kisha akina mama wa kanisa wakaanza kunung'unika. "Ati mwenyekiti siku hizi anatupita kama mawe." Aliwasalimu waliozungumza; walionyamaza na kutabasamu, aliwapita. Watu wa kwetu husamehe mengi, ila kupitwa bila salamu ni jambo wanaloliweka moyoni. Walisema uongozi umempanda kichwani.

Ndipo lilipotokea jambo la njiani. Ulikuwa msimu wa palizi, na nepia ilikuwa imenyeshewa. Nilikuwa nimeshika njia ya miguu, nikamwona akija kutoka nyumbani na kikapu mkononi, katikati ya njia, macho yakinielekea. Kwa kawaida ningekohoa. Sikukohoa, kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilisimama nikisubiri aache njia. Hakuiacha. Alikuja kwa mwendo uleule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona uso wake wote kutoka mbele: paji pana, mashavu yaliyoingia ndani, na macho mawili yaliyotua juu yangu bila kupokea chochote. Sijui namna bora ya kulieleza hilo. Mtu anayekutazama hubadilika kidogo anapokufikia. Yeye hakubadilika. Nilijitupa katika nepia, naye akapita karibu sana, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mzee wa ukoo, alikuwa amesimama langoni. Aliliona lote.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo, nadhani, watu wa desturi nyingine wasingelifanya. Mahali pengine mama mzee asiyempisha mtu njiani angeulizwa habari za macho yake. Kwetu aliulizwa habari za adabu yake. Mzee aliwaita watu wa nyumba. Mimi niliketi nyuma ya ghala, kama inavyopasa, nikasikiliza.

"Mama," mzee alimwuliza, "ulimwona mkwe wako, au hukumwona?"

Jibu moja lingemwondolea lawama yote. Alichagua lile lingine.

"Nilimwona."

"Sasa mbona hukumpisha?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Umechoka na njia, ama umechoka na mkwe?"

"Leta hukumu yako, mzee. Kuku wangu wanataka kulala."

Alitozwa kuku mmoja wa kuosha kosa. Alimtoa yule mweupe aliyekuwa akitaga, akamkabidhi bila neno. Sote tulidhani ni kiburi. Kumbe kwa kuku huyo alikuwa amenunua nafasi ya kuficha macho yake. Alimweleza Nekesa baadaye: "Nikisema sioni, kesho mtagawana kiti changu cha kanisani, meza yangu ya sokoni, na ufunguo wa ghala. Nitabaki kuwekwa juani na kutolewa juani kama mahindi."

Tangu siku hiyo aliishi kwa hofu, na hofu hiyo ikageuza nyumba nzima. Alimwamuru Simiyu amwage kokoto kwenye njia ya kuingilia, akidai tope limezidi. Alitaka kusikia nyayo. Kila kokoto ilipolia aliuliza, "Nani?" na kama jibu lilichelewa, alikimbia. Kwa kuwa mimi ni mrefu, alimkimbia kila mwanamume mrefu. Alimkimbia muuza maziwa. Siku moja alimkimbia mchungaji wake mwenyewe. Mchungaji aliketi sebuleni akimngoja mwenyekiti wa akina mama, naye mwenyekiti amejibanza ndani ya banda la kuku, ameshika kifua. Simiyu alipomfungulia alisema kwa kunong'ona: "Amekwenda? Huyo Mkwe amekwenda?"

"Mama, huyo ni Pasta, bana."

"Pasta amekuwa mrefu lini?"

Sokoni alianza kukosea mafungu. Alimfungia mteja kunde zilizochanganyika na majani makavu, yeye ambaye zamani alijua kwa ukingo wa jani kama limechumwa asubuhi au jana. Aliacha kushona. Aliacha kusoma zaburi, akasema miwani imekwisha nguvu. Barabara kuu, ambako malori ya mahindi hushuka kutoka Kitale na Moi's Bridge bila kupunguza mwendo, aliivuka kwa masikio. Alisimama ukingoni, akainamisha kichwa, akasikiliza, akaingia. Mwanamke wa meza ya jirani aliniambia kwamba kila alipomwona akivuka, yeye mwenyewe alifumba macho.

Mimi nilianza kuogopa kwenda Misikhu. Nilikohoa tangu barabarani. Nilikohoa kama mgonjwa wa kifua, na bado katika kila kona ya nepia nilitarajia kuuona tena uso ule unaonielekea bila kunifikia.

Tulifikishwa mwisho wa maficho hayo na msiba. Alifariki jamaa yetu wa Kamukuywa, sote tukaenda mazishini. Baada ya ibada watu hupanga mstari na kupeana mikono. Nilikuwa nimebanwa kati ya wazee wawili, nyuma yangu ukuta wa nyumba, niliposikia mstari ukisogea na sauti yake ikisema "Mulembe, mulembe," kila aliposhika mkono. Hapakuwa na nepia ya kuingia. Alinifikia. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mulembe. Mkono baridi hivi, umetoka mbali. Wewe ni wa nani?"

Sikuweza kujibu; sauti yangu aliijua kuliko mtu yeyote pale. Alikigeuza kichwa upande, taratibu, jinsi kuku anavyogeuza kichwa kutazama punje. Nilihisi vidole vyake vikilegea kimoja baada ya kingine.

"Mungu wangu," alisema, akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

Nekesa alimwinua na kumpeleka nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama upande wa pili wa kona, nikasikia yote.

"Mama, nitazame. Unaona nini?"

"Naona kitambaa chako. Naona bega. Naona yule mbuzi kule."

"Na uso wangu?"

"Hapo katikati pana moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu yule fundi. Niliomba kwanza. Halafu nikaogopa hata kuomba, kwa sababu nikiomba nitakuwa nimekubali."

Nekesa alimfunika jicho la kulia kwa kiganja, akamwuliza anaona nini. Aliunyoosha mkono kuutafuta uso wa bintiye. Akamfunika la kushoto. "Hapa nakuona kwa kando," alisema. "Umepinda mdomo, lakini nakuona. Unalia nini sasa?"

Kulikuwa na daktari wa macho aliyekuja Kitale kwa siku maalumu. Kwenda kwake kulimaanisha kulala Kitale, na kulala Kitale kulimaanisha nyumba yangu. Mama Mkwe alikataa. Mzee wa ukoo, ambaye sasa alitembea na aibu ya yule kuku, alipendekeza heshima ifunguliwe rasmi. Alikataa hilo kwa nguvu zaidi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ghala, mahali pangu pa siku zote.

"Mama, si ni blanketi tu," Simiyu alisema. "Blanketi na maneno mawili, mnamaliza."

"Wewe umewahi kuwa mama mkwe wa mtu? Nyamaza." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ambayo sikuwahi kuisikia ukutani: "Miaka yote nimemficha mtoto wa watu uso wangu. Siku ya kufunuliwa ni siku ya kutazamana. Sasa mnataka niketi mbele yake, anione mimi, nami nisimwone? Hiyo si kufungua. Hiyo ni kuvuliwa nguo."

Nekesa peke yake ndiye aliyezungumza, na hakubishana.

"Jicho moja bado linaona, mama. Ukingoja, mtatazamana kwa lipi?"

Siku ya blanketi viti viliwekwa uani, wazee wakanena yaliyowapasa, na mimi nikaletwa mbele yake nikiwa nimelibeba mikononi. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nilisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Alipokea blanketi, akalipapasa ukingo, akaridhika nalo. Kisha alinielekeza uso, na nikaona tena yale macho yaliyotua bila kunipata.

"Usinikabili," alisema. "Nikikutazama sawasawa unapotea. Ingia upande huu. Kidogo tena. Simama hapo."

Nilisimama upande wake wa kulia, karibu na mwanga. Alikitazama kitu kilichokuwa kando tu ya sikio langu, na kwa kukitazama hicho akaniona. Niliona uso wake ukibadilika.

"Kumbe una mvi!" alisema. "Niliozesha binti yangu kwa kijana."

Uani palilipuka kicheko. Yeye hakucheka. Aliendelea kutazama, akipeleka kichwa huku na huku, kama mtu anayesoma kwa haraka kitabu cha kuazima ambacho mwenye nacho yuko mlangoni anakisubiri.

Huko Kitale daktari alikuwa kijana mpole, naye alimweleza kwa Kiswahili cha kawaida. Nyuma ya jicho, alisema, pana sehemu ndogo inayotuonyesha kile kilicho mbele yetu kabisa: uso, herufi, tundu la sindano. Sehemu hiyo huchakaa kwa umri. Kwa watu wengine huchakaa polepole, kwa wengine hupasuka mishipa na kuvuja. La kushoto lilikuwa limekwisha kuvuja na kupona kwa kovu. La kulia ndilo lililoanza kuvuja sasa.

"Mngekuja mapema kidogo," alisema, akaliacha hapo.

Kisha yakaja maswali. Presha? Ndiyo. Dawa zinamezwa kila siku? Kichwa kikiuma. Mboga za majani? Anaziuza, Nekesa alisema. Kazi ya juani? Miaka yote. Kofia? Hapana.

"Mama, unavuta tumbaku?"

Nekesa alitazama sakafu. Mimi nilitazama ukuta. Mkwe hawezi kulitaja jambo kama hilo mbele ya mama mkwe, hata blanketi likishatolewa. Daktari aliinua kalamu akisubiri. Nilimsikia Mama Mkwe akivuta pumzi, na nikajua kwamba jicho lile lililobaki lilikuwa likitegemea jibu hilo, na kwamba alikwisha kumwambia mzee uongo mmoja ili afiche macho.

"Paka," alisema, "mwambie daktari kwamba ndiyo. Moto ndani. Tangu kabla huyu Nekesa hajazaliwa."

Daktari alitazama chini ya meza.

"Na mwambie," aliendelea, "aseme kama nikiacha leo litabaki."

"Siwezi kuahidi, mama," daktari alisema. "Nikisema litabaki nitakuwa nakudanganya. Usipoacha, najua litakwenda haraka zaidi. Ukiacha, ukala hizo mboga zako, ukameza dawa za presha, ukavaa kofia, na ukaja kwa sindano, tutakuwa tunapigana nalo."

"Sindano ya wapi?"

"Ya ndani ya jicho, mama. Kwanza tunaweka dawa ya ganzi."

Alinyoosha mkono hewani upande wangu. Haukuwa mkono wa salamu. Niliushika. Ulikuwa baridi kuliko wangu siku ile ya Kamukuywa, na haukulegea mpaka daktari alipomaliza maelezo yake.

Aliacha tumbaku siku hiyohiyo. Meza ya sokoni aliichukua mke wa Simiyu. Kiti cha kanisani akina mama walimwachia. Huja Kitale kwa sindano na hulala kwetu, katika chumba cha mbele, na kila anapokuja huogopa upya. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia bado linauona uso wa mtu akisimama kando, karibu na dirisha, na ninapoingia chumbani alimo, mimi husimama hapo.